Dadu Ilisema Kumi na Saba

Ndugu wasomaji, nilimuua Tobari. Hakuna aliyenituma, sikuwa nimelewa, wala sitasingizia kwamba shetani alinipitia. Ni mimi na mkono wangu huu ninaoandikia.

Msishtuke. Tobari hakuwahi kuzaliwa. Alikuwa mtu wa mchezo, mzee wa kuvusha watu mtoni katika nchi isiyokuwepo. Lakini kulikuwa na mtu wa nyama na damu aliyezungumza kwa kinywa cha Tobari, na huyo ndiye niliyemmaliza. Laiti ningevunja duka! Ningefungwa, ningetoka, yangekwisha. Hili langu halina hakimu.

Niruhusuni nieleze polepole, maana wengi wenu hamjui mchezo wenyewe.

Miaka ya themanini nilikuwa karani katika ofisi ya serikali katikati ya jiji la Nairobi. Nilikuwa na kidato cha nne, tai moja, na majivuno ya kutosha watu watatu. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Surinder, Kalasinga wa rika langu, ambaye baba yake alikuwa na duka la vipuri vya magari mitaa michache kutoka ofisini kwetu.

Surinder alikuwa na kigugumizi. Sisemi kile cha kusitasita kidogo. Neno lilimkaba! Shingo ilivimba, macho yakajifumba, jasho likamtoka chini ya kilemba, na neno lisitoke. Dukani alikuwa akionyesha kwa vidole. Wateja walidhani ni bubu, na wengine walimcheka mbele ya baba yake.

Binamu yake alirudi kutoka London na kitabu kinene chenye picha ya mto kwenye jalada. Sisi tulikiita Kitabu cha Mito. Ndani yake hakuna hadithi hata moja! Kuna nchi tu. Kimeeleza upepo wa kila mji, mkate wanaokula, jinsi wajane wanavyofunga leso, na miungu midogo ya kila daraja. Kimeeleza hata sheria ya wavushaji, kwamba ni mwiko kumwuliza abiria anamkimbia nani. Hadithi mnaitunga wenyewe, kwa kucheza. Kila mmoja anajitengenezea mtu wake na kusema kwa niaba yake. Mmoja wenu anakuwa msimulizi, ndiye macho na masikio ya nchi ile. Anawaambia mnaona nini, nani amebisha hodi, mvua imenyesha wapi. Jambo likiwa la bahati, kama vile kuruka shimo au kumkwepa simba, msimulizi anarusha dadu ya pande ishirini. Namba ikiwa kubwa, umepona. Ikiwa ndogo, imekula kwako.

Tulikipenda kitabu kile jamani! Tulikisoma kama wengine wanavyosoma habari za mpira. Mwenzetu wa tatu, Mutua, Mkamba wa Machakos aliyefundisha hesabu shule ya sekondari, alikivika karatasi ya kaki kama kitabu cha shule. Kisha yeye mwenyewe akakimwagia mchuzi kwenye ramani. Tulimkemea mpaka akacheka.

"Mnalia nini?" akasema. "Nimewapatia ziwa. Andikeni hapo, Ziwa Mutua. Samaki wake wako na pilipili tayari."

Na kweli tuliandika.

Mimi ndiye niliyekuwa msimulizi, kwa sababu nilikijua kitabu kuliko wote. Saa ya chakula cha mchana, wenzangu wa ofisini wakienda kula, mimi nilibaki mezani nikichora ramani za vijito ambavyo kitabu kilivitaja kwa jina tu. Wenzangu waliniita Karani hata kwenye mchezo.

Tulikutana Jumamosi mchana nyumbani kwa akina Surinder, mtaa wa Muthangari, kwenye veranda. Mbele yangu nilisimamisha kipande cha katoni ya vipuri, na nyuma yake ndipo niliporusha dadu. Hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya mchezo wetu. Nikisema kumi, ni kumi. Nikisema tatu, ni tatu. Nyuma ya katoni nilikuwa mimi na Mungu.

Mama yake Surinder alituletea chai ya viungo na bhajia, akitutazama kwa huruma.

"Nyinyi wanaume mzima," alisema, "nacheza nini hii bila karata? Karani, beta, mtoto yangu, kula. Wewe nachora mpaka nakonda."

Wiki za kwanza Surinder alicheza kwa kuandika kwenye vipande vya karatasi, na Mutua akamsomea. Halafu Jumamosi moja nikawafikisha kwenye mto mkubwa. Nikauliza ni nani anayewavusha. Surinder akainua mkono. Akavuta pumzi, akainamisha kichwa, akaongea kwa sauti nzito, ya taratibu, ya mzee aliyezoea kuongea na maji.

"Panda, msafiri. Naitwa Tobari. Mto wangu hauulizi jina la mtu."

Hakukwama popote!

Mutua akanitazama mdomo wazi. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Aligeuka akarudi ndani bila kuliweka mezani, na tulisikia vikombe vikigongana huko jikoni.

Tangu siku hiyo Surinder aliongea kila Jumamosi. Mradi alikuwa Tobari, maneno yalimtoka kama maji ya bomba. Alitania, akagombana na maharamia, akaomboleza wafu. Akisharudi kuwa Surinder, kigugumizi kilimrudia. Hatukuelewa, wala hatukuuliza. Tulishukuru tu.

Sasa sikilizeni palipokuwa na uzito. Baba yake alikuwa mzee mkali mwenye sauti ya lori. Alikuwa amechoka, macho yanamsumbua, akamwita Surinder mbele yetu sote, akasema, "Duka nataka mdomo. Wewe naweza simama kaunta mpaka mvua ya masika, duka yako. Nashindwa, mtoto ya ndugu yangu ya Nakuru nakuja."

Hilo ndilo lililokuwa linangoja. Duka, na heshima ya mtu kwao.

Surinder akafanya jambo la busara kuliko daktari yeyote aliyewahi kumwona. Akambeba Tobari akampeleka kaunta! Nilipita pale mchana mmoja, nikamkuta fundi wa magari mwenye ovaroli la mafuta akitafuta pampu ya maji. Surinder akainamisha kichwa, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ile ile ya mtoni:

"Karibu, fundi. Gari yako inalia upande gani?"

Fundi akacheka. "Ala! Leo Kalasinga anaongea kama pasta! Inalia mbele, baba mchungaji, iombee."

"Nitaiombea," akajibu Tobari, "lakini kwanza chukua pampu."

Watu wote dukani walicheka, na safari hii walicheka naye. Baba yake alikuwa kule nyuma akijifanya anapanga nati. Alizipanga zile zile, akazimwaga, akazipanga tena. Surinder alinikonyeza. Sijawahi kumwona na uso ule, si kabla wala baada.

Nilifurahi. Naapa nilifurahi. Na bado nikaja kufanya nilichofanya!

Habari zilifika Westlands, ambako kulikuwa na vijana wengine wenye kitabu kile kile. Walikuja Jumamosi moja kusikiliza, wakiongozwa na Nazir, kijana Mwislamu aliyekuwa akijifunza udaktari. Walikaa chini kwenye zulia, wakasikiliza mpaka chai ikapoa. Tulipomaliza, walimzunguka Surinder.

"Hii kitabu tumeisoma mpaka kurasa zinatoka," Nazir akamwambia. "Lakini mto wenyewe tumeusikia leo. Tobari ndiye kitabu, yaar!"

Surinder akacheka, akakwama, akawashika mikono badala ya kuwajibu. Mimi nilikuwa nakusanya ramani zangu. Nazir akanigeukia kwa adabu kabisa, akauliza:

"Na wewe ndiye ule wa kurusha dadu, sivyo?"

Ule wa kurusha dadu!

Nilicheka nao. Lakini nilipokuwa nikirudi kwangu kwa miguu, maneno yale yalinichoma kila hatua. Ni nani aliyeutengeneza mto huo? Ni nani aliyeacha kula mchana ili mto uwe na vijito? Kila wimbi alilolipigia kasia nililileta mimi! Na hakuna hata mmoja aliyeigusa ramani yangu. Hata Mutua, aliyenijua, alikuwa amekaa nao akirudia maneno ya Tobari kwa kujigamba, kama mtu anayemsifu ng'ombe wake.

Wivu, ndugu zangu. Sina jina lingine la kuupa.

Jumamosi iliyofuata walikuja tena, na wengine zaidi. Wiki nzima nilikuwa nimepanga. Kitabu kinasema mtu akifa kwa upanga au homa, wako waganga wanaoweza kumrudisha. Lakini aliyemezwa na mto harudi, kwa sababu mto hautoi hesabu kwa mtu. Kwa hiyo niliwapeleka kwenye Lango la Ondori, ambako mto mkubwa unaingia chini ya ardhi kwa kishindo. Nililichagua kwa makusudi! Sikuwa nimeamua kumuua, nilijiambia nataka tu waone nguvu ya msimulizi. Lakini mlango nilishaufungua.

"Kamba ya kivuko imekatika," nikasema. "Tobari, maji yanakuvuta langoni. Dadu ikitoa tano au chini yake, mto umekuchukua."

"Rusha, ndugu yangu," akasema kwa sauti ya Tobari. "Nimeishi kwa huu mto. Nauamini."

Nikarusha. Ilizunguka, ikagonga katoni, ikatulia.

Kumi na saba.

Niliiona kwa macho yangu mawili. Kumi na saba, juu kabisa, haina mjadala. Nikaidaka upesi nikaifumba kiganjani, na ulimi wangu ukasema, "Mbili."

Mungu wangu!

Nikamzamisha. Na nilimzamisha kwa ufundi, mnisamehe. Sikuwahi kusimulia vizuri kama siku ile. Wageni walishika vinywa. Mmoja alifuta machozi. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, kila jicho lilikuwa kwangu.

Surinder akafungua kinywa ili Tobari aage. Desturi yetu ilikuwa kwamba anayekufa anapewa neno la mwisho. Akainamisha kichwa, akavuta pumzi.

Neno halikutoka. Shingo ilivimba, macho yakajifumba, mbele ya wale wote waliokuja kumsikia. Tulisikia herufi moja tu ikigonga meno. Mpaka akainua kiganja kuomba radhi, akaacha.

"Karani, rusha tena bwana," Mutua akasema.

"Dadu ni dadu."

"Si ni mchezo? Rusha!"

"Na kitabu kinasema nini juu ya mtu wa mto?" nikamwuliza, kama mwalimu. Mimi! Nilimwuliza kwa sauti ya mtu mwenye haki.

Aliyenijibu ni Surinder. Alikiheshimu kitabu kile na kuniheshimu mimi kiasi kwamba alitikisa kichwa kumzuia Mutua, akahangaika mpaka akalitoa. "Ni s-s-sawa. Ha-harudi."

Siku chache baadaye Mutua alinijia ofisini.

"Jamaa anakwama kaunta," akasema. "Nimeenda huko. Anarudi kuonyesha na vidole."

"Si atengeneze mtu mwingine."

"Amejaribu, hakuna kitu. Nimemwambia, tumia ile sauti ya mzee tu, nani atakushika? Anakataa. Anasema maiti haiazimwi sauti. Karani, hebu mwambie ulisoma dadu vibaya. Sema hata miwani ilikuwa na vumbi."

Nilikuwa nimepewa ufunguo mkononi! Sentensi moja tu, tena ya kweli. Lakini ningesema nini kwa Nazir na wenzake, ambao sasa walikuwa wakinisalimia kwa jina? Nikamwambia Mutua nina kazi nyingi.

Nilikwenda kuchungulia dukani kwa nje ya kioo. Mteja alikuwa ameegemea kaunta, Surinder akipigana na neno. Mteja akapiga kofi hewani, akatoka, akanipita mlangoni akinung'unika, "Wameweka bubu auze!" Nikageuka nikarudi ofisini. Ndugu zangu, niligeuka!

Masika yakaja. Mtoto wa Nakuru akaja nayo, kijana mchangamfu asiye na kosa lolote, akasimama kaunta. Surinder alipelekwa stoo ya juu kupanga mabomba. Jumamosi zilikufa zenyewe. Hakuna aliyezifuta, watu waliacha kuja tu. Baadaye alioa, na mwanzoni mwa miaka ya tisini akahamia Uingereza na mkewe, kufanya kazi ya ghala.

Siku ya kuwaaga, pale veranda, alinipa Kitabu cha Mito. Kipo vile vile na karatasi yake ya kaki. Alinigusa kifua kwa kidole, kisha akakigusa kitabu, maana yake mimi ndiye ninayekijua. Nikakipokea. Ni mtu gani anapokea zawadi ya namna ile? Ningekirudisha, ningepiga magoti pale pale mbele ya mama yake! Nikasema asante, safari njema.

Miaka ilipita. Sikucheza tena na mtu. Wake kwa waume walinisifu kuwa mzee mtulivu, kumbe ni aibu. Siku moja kuelekea mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa Upper Hill, hospitali, na machungwa mkononi, kumtazama Mutua aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa goti. Tulikuwa tunacheka habari za ziwa lake la mchuzi. Ghafla nikamwambia yote.

Hakushtuka. Alitazama bandeji yake.

"Nilijua," akasema. "Niliona vile mkono wako ulikimbia kuificha. Mtu haokoti mbili kwa haraka namna ile."

"Mbona hukusema?"

"Nilikupa nafasi useme wewe. Nilikuja mpaka ofisini kwako, au umesahau?" Kisha akanitajia namba ya simu ya Uingereza, aliyoijua kwa kichwa. "Piga. Usirudi hapa na machungwa yako kabla hujapiga."

Nilinunua kadi ya simu nikaenda kwenye vibanda vya simu katikati ya jiji. Mtoto wa kike alipokea kwa Kiingereza. Nikamwambia, "Mwambie baba ni Karani, wa Nairobi." Nikasikia miguu ikikimbia. Kisha nikasikia pumzi. Niliijua.

Nilisema bila kumeza mate. "Surinder, dadu ilisema kumi na saba. Mimi nikasema mbili. Tobari alikuwa amevuka. Niliona wivu. Ni mimi niliyekuharibia."

Halafu akaanza. Nilisikia koo likijikaza kule ng'ambo, pumzi ikivutwa, herufi ya kwanza ikigonga, ikirudi, ikigonga tena. Nilikuwa namwona kabisa, shingo, macho, jasho. Ilikuwa inaendelea, inaendelea, na mimi nimeshika simu kwa mikono miwili.

Nikakata.

Ndiyo, nilikata! Kadi ilikuwa na salio. Mutua nilimwambia kwamba kadi iliisha, na huo ukawa uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Ukweli ni kwamba sikuweza kustahimili kusikia kile nilichokifanya kikinguruma kwenye sikio langu.

Baada ya siku kadhaa nilijikaza nikapiga tena. Yule mtoto akapokea. Nikaomba kuongea na baba yake.

"Papa hashiki simu, uncle," akaniambia. "Huwa hashiki kabisa, hata ya kazini. Siku ile alishika kwa sababu nilimwambia ni wewe."

"Alisema nini nilipo... simu ilipokatika?"

"Sijui. Alikuwa bado anajaribu. Alibaki ameishikilia mpaka mama akaja akaitoa mkononi."

Nikasema asante, mwanangu. Nilipopiga tena wakati mwingine, namba ile ilikuwa haifanyi kazi, na Mutua naye hakuwa na nyingine.

Sasa nimezeeka. Mke wangu huniona nimekaa kimya akadhani ni magoti yananiuma. Nimejaribu kutunga mwenyewe neno alilokuwa akilitafuta. Siku nyingine nalifanya tusi, nikapata nafuu kidogo. Siku nyingine nalifanya msamaha, na hapo ndipo ninapoumia zaidi. Lakini yote ni ya kutunga, na mimi kwa kutunga ndiko nilikopotea.

Vijana, wazee wenzangu, yeyote unayeaminiwa nyuma ya katoni ambako wenzako hawachungulii, iwe ni mchezo, darasa, au nyumba yako mwenyewe, isome namba iliyotoka! Ukiona rafiki yako amepata kitu kinachomfungua kinywa, hata kama ni cha kipuuzi, hata kama kimekufanya uonekane mdogo, kaa pembeni, kishangilie.

Na ukishakosa, ukaenda kuungama, usijidanganye kwamba kusema kwako ndiko kutubu. Hiyo ni nusu. Simama hapo hapo mpaka uliyemkosea amalize kusema lake, hata akichukua siku nzima.

Mimi nilikata. Msikate!